Taa Ishushwe Shibiri Moja

Tarehe 3 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini wewe na mkazamjomba hamjambo. Sisi huku wazima. Kaka yangu amehamishiwa bohari la pili, anarudi nyumbani na vumbi la saruji mpaka kwenye kope. Mimi bado nipo karakana ya meno, meza ile ile ya dirishani. Wiki hii nimetengeneza meno ya juu ya mzee mmoja ambaye ameyarudisha mara tatu. Anadai yanacheka hata yeye akiwa amenuna.

Najua mwandiko wangu utakushangaza. Nilipiga simu mara nne, haikupokewa. Anwani nimeitoa kwenye bahasha ya rambirambi uliyotuletea. Siku ya mazishi ulinipa mkono na bahasha hiyo, kisha nikakuona umesimama nyuma kabisa, nikageuka baadaye nikutafute, ulikuwa umeshaondoka.

Ninachotaka ni hiki. Mama ameacha sanduku la kioo, urefu kama meza ya kulia ya watu wawili, limewekwa mboji na mimea inayokula wadudu. Sijui kama uliwahi kuiona. Mmoja mama alimwita Meno: kila jani lake linaishia na taya moja ya vipande viwili vyenye miiba, na mdudu akigusa vinyweleo vya ndani mara mbili, taya inafumba. Mwingine ni Shanga, majani yake yana nywele nyekundu na kila unywele umebeba tone la gundi nchani, yanang'aa kama umande. Meno mama alimkuza kutoka kipande kimoja cha jani, miaka tisa iliyopita. Nguo zake tumegawa, cherehani amechukua kaka. Kilichobaki cha mama ambacho bado kinapumua ni hawa wawili, na wako kwangu.

Nao wanakufa, Mjomba. Nimehamia chumba ambacho dirisha lake linatazamana na ukuta wa jirani. Mrija wa taa wa mama ulivunjika siku ya kuhama, na minyororo iliyokuwa imeushikilia niliifungua bila kupima ilikuwa mirefu kiasi gani. Sandukuni kumebaki mimea, kopo la maji ya mvua na kijiti cha mwanzi kilichoegeshwa kwenye kona, labda cha kuegemezea majani. Sasa Meno amerefuka amekuwa mwembamba, ndani ya taya hakuna tena wekundu. Shanga amekauka gundi.

Wewe umewasha taa za jukwaa miaka mingi kuliko umri wangu. Dukani nimeona taa nyeupe, taa za njano na taa za zambarau ambazo muuzaji ameapa ndizo za mimea. Nichukue ipi?

Mpwa wako


Tarehe 19 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua imefika. Mkazamjomba wako anakusalimu. Goti linamsumbua lakini ulimi hauna tatizo lolote. Simu sishiki. Nimegombana na watu wengi kwenye simu kuliko ana kwa ana, na ana kwa ana si wachache.

Huyo mzee mwambie meno yakicheka peke yake ashukuru, kuna watu wana meno yao wenyewe na hawajawahi kuyatumia kwa kazi hiyo.

Sasa tuje kwa muuzaji wako anayeapa. Mjini kumeingia dini mpya, dini ya taa za zambarau, na waumini wake hawaulizi swali. Mafundisho yenyewe ni haya: jani ni la kijani kwa sababu linaurudisha mwanga wa kijani, basi mwanga wa kijani hauna kazi kwake, basi tuutoe, tubakize mwekundu na wa buluu. Hapo ndipo zambarau inapozaliwa. Ni nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli ni hatari kuliko uongo mtupu kwa sababu ina kitambulisho mfukoni. Jani linarudisha sehemu tu ya kijani. Kinachobaki linakitumia, tena kinapenya mpaka kwenye tabaka za chini ambako mwekundu haufiki. Nani alilishauri jua liache rangi? Mimea imekula mwanga kamili tangu kabla ya mtu wa kwanza kuuza kitu.

Halafu soma maandishi ya boksi kwa makini. Ile namba ya mwangaza wanayoijaza pale, lumeni, ni kipimo cha jicho la binadamu. Inakueleza wewe utaona vizuri kiasi gani. Jani halisomi boksi. Taa mbili zinaweza kuwa sawa machoni pako, na mmea mmoja ukashiba, mwingine ukalala njaa.

Nami sisemi haya kwa kusoma tu. Miaka thelathini na mmoja nimeshika taa za moto kwa mikono hii, ndani ya glavu za ngozi ambazo hakuna duka lililokuwa na saizi yangu. Zilishonwa na mtu aliyechora kwanza kiganja changu kwenye karatasi, kidole kwa kidole. Zipo mpaka leo, hazijafumuka uzi hata mmoja.

Kabla hujanunua chochote nijibu: majani mapya yanatoka? Yanalalia upande gani? Na ukinyoosha mkono juu ya mimea mchana, kivuli chake kina kingo kali, au kimekaa kama doa la chai? Kivuli chenye kingo maana yake chakula kipo. Doa la chai ni njaa. Hiyo ni mbinu ya jukwaani, haihitaji kifaa.

Usinunue kitu mpaka nikujibu. Na kama tayari umenunua, usinidanganye.

Mjomba wako


Tarehe 11 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Mwambie mkazamjomba asikanyage ngazi ovyo na goti hilo. Kaka amepata kikohozi cha saruji, daktari amemwambia avae barakoa, yeye anasema barakoa inamfanya aonekane anaogopa kazi. Kumbe ukaidi ni wa kurithi na tunajua umetokea upande gani.

Majani mapya yanatoka, membamba, yote yanalalia dirishani kama watu wanaosikiliza ugomvi wa jirani. Kivuli cha mkono wangu hakifikii hata doa la chai. Ni maji ya chai.

Sasa umesema nisikudanganye. Sikununua kitu. Nilibeba.

Karakana yetu ina kisanduku cha zamani cha mwanga wa buluu. Ukishajaza plastiki laini kwenye jino unaliweka mle, mwanga unaligandisha likawa gumu. Kimewekwa kabatini tangu kije kipya. Muuzaji alisema mimea inataka buluu, nami nikafikiri: mwanga wenye nguvu ya kugandisha jino utashindwaje na jani? Nikaomba ruhusa, nikakitoa mlango, nikakitundika juu ya sanduku. Wenzangu mezani walicheka mpaka msimamizi akaja kuuliza. Mmoja akasema, "Unawatengenezea meno bandia?"

Wiki ya kwanza nilifurahi. Majani yaliacha kulalia dirishani, yakasimama wima. Nikasema Mjomba atapata habari yake. Lakini chini ya ile buluu kila kitu kinaonekana cheusi. Meno mweusi, Shanga mweusi, mboji nyeusi. Wiki ya tatu nikazima ili nifute kioo, nikafungua pazia, nikakuta kuvu la kijivu limepanda Shanga mpaka nusu. Lilikuwepo siku zote. Nilikuwa namtazama kila siku na sikumwona.

Nimekata majani saba yaliyooza. Amebaki na matatu. Niambie niweke taa gani na niiweke wapi. Umbali pia, maana hilo ndilo lililonishinda kabisa.

Na nina swali jingine. Mama aliitunza hii mimea miaka tisa na wewe ni fundi taa. Kwa nini hukuwahi kuja hata siku moja kuiona? Kila mrija ulipoungua mama alikuwa anasema, "Angekuwepo kaka..." halafu anamalizia na habari za mchele.

Mpwa wako


Tarehe 27 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Kaka yako mwambie mapafu hayajui habari za ushujaa.

Nimecheka mpaka mkazamjomba akatoka jikoni na mwiko. Kisanduku cha kugandishia meno! Nimeishi nikaona fundi akimulika mandhari ya msitu kwa taa ya jokofu, lakini wewe umenipita. Kosa hilo lingeweza kufanywa na mtu mmoja tu duniani, na huyo mtu ni ndugu yangu wa damu.

Ila usijione mjinga. Umegundua kitu ambacho wauza zambarau hawatakuambia. Jukwaani hatumuwashii mwigizaji buluu peke yake isipokuwa amekufa, maana akiwa hai watazamaji hawamwoni uso. Anaweza akawa anatetemeka kwa homa, usijue. Mwanga una kazi mbili, mpwa wangu. Umlishe anayemulikwa, na umwezeshe anayemtunza kumwona. Taa inayomlisha mgonjwa na kumficha daktari ni taa ya kipumbavu, hata kama imeandikwa sayansi upande wa nyuma.

Kwa hiyo fanya hivi. Chukua taa nyeupe ya LED, ile bapa kama sinia. Usichukue njano ya sebuleni. Tafuta nyeupe ya mchana, kwenye boksi itaandikwa kati ya kelvini elfu tano na elfu sita na mia tano. Wati arobaini zinatosha sanduku lako. Iwashe kwa muda wa saa kumi na nne kila siku, uizime saa kumi zinazobaki. Funga na taima, usitegemee kumbukumbu yako, maana mtu husahau na mmea hausahau. Maji yabaki ya mvua. Ukitumia ya bomba chumvi yake itawaua kabla taa haijapata nafasi.

Umbali ni shibiri moja juu ya majani. Usizidishe. Watu wanatundika taa juu kama mwezi halafu wanalalamika mmea umedhoofu, wakati wamemulika ukuta. Ukiongeza umbali mara mbili mwanga unaofika haubaki nusu, unakuwa robo. Shibiri moja. Utajua mwanga umefika ukiona Meno amerudisha wekundu kinywani na Shanga amerudisha umande.

Nimejibu yote uliyouliza.

Mjomba wako

Hapa chini ni mimi, mkazamjomba wako. Hajajibu yote, na anajua hajajibu. Barua yako iko chini ya mto wake. Juzi ameleta nyumbani bakuli kubwa la kioo la kufugia samaki, nikamuuliza samaki wako wapi, akanuna. Usimwambie nimeandika, nitaifunga bahasha mwenyewe.


Tarehe 30 Mei

Mjomba,

Shikamoo.

Tuko wazima. Kaka amevaa barakoa.

Taa nimenunua kama ulivyosema, nyeupe, bapa, wati arobaini, na taima. Nimeitundika shibiri moja juu ya majani, nimepima kwa mkono wangu mara mbili. Siku kumi za kwanza Shanga alitoa jani jipya na tone moja la umande. Tone moja! Nilimwita jirani aje kuliona, akasema, "Hilo tu?" nikamfukuza.

Halafu kingo za Meno zikaanza kugeuka kahawia. Taya zinakauka zikiwa wazi. Mmea unaungua, Mjomba, na umbali ni ule ule ulionipa. Alikuwa na taya kumi na moja. Jana nimehesabu nne.

Nikaamua nitoe vyungu vyote nisafishe, pengine kuna kitu kingine. Chini kabisa, chini ya plastiki inayozuia maji, nimekuta kipande cha gazeti kimekunjwa mara nne ndani ya mfuko. Ni cha miaka saba iliyopita. Ukurasa wa barua za wasomaji. Kichwa chake ni "Wati kwa Wala Nzi" na chini kuna jina lako.

Nanukuu, usije ukasema nimetia chumvi:

"Namfahamu mwanamke mmoja, fundi cherehani, akili timamu kabisa, aliyefungia majani kwenye kioo na kuyawashia taa kama waigizaji. Mtaa mzima unakatikiwa umeme, yeye analisha majani nzi kwa kibano. Na hata hiyo taa kaiweka vibaya, inaning'inia juu kama mwezi, inamulika ukuta. Ishushwe shibiri moja juu ya majani kama kweli anawapenda wala nyama wake, au izimwe."

Mama amekijibu kwa kalamu nyekundu pembeni. Penye "majani" ameandika: *Si majani tu. Soma.* Penye "umeme": *Wati ishirini. Pasi yako elfu moja.* Penye "kibano": *Mara mbili tu, na alikuwa mgonjwa.*

Mjomba, nilikuwa shule ya sekondari mwaka ule. Mama alirudi kutoka kiwanda cha nguo alikokuwa akishona, akasema wenzake wamempa jina, Mama Nzi. Alisema huku anacheka, na sisi tukacheka, tukamwita hivyo nyumbani miaka yote mpaka siku ya mwisho. Nilifikiri ni jina la mapenzi. Kumbe kipande hiki kilibandikwa juu ya meza yao ya kukatia vitambaa, mama ameandika hivyo nyuma yake, na bado kina matundu ya pini kwenye pembe zote nne.

Sasa nijibu. Kwa nini ulimfanyia hivyo? Na kwa nini umbali wako unaua mmea wake?

Mpwa wako


Tarehe 2 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Sijui barua yangu ya mwezi wa tano ilipotea au umeamua.

Mimi sitaki ugomvi. Umebaki wewe tu mtu mzima upande wa mama, nikigombana na wewe nitagombana na nani tena baadaye? Nataka jibu. Nimeinua taa, lakini nainua kwa kubahatisha: nikiinua kidogo Meno anaungua, nikizidisha Shanga anapoteza umande. Meno amebakiwa na taya moja. Iko chini karibu na mboji, ndogo kama ukucha wa mtoto, haijafunguka. Hiyo ikikauka hakuna nyingine.

Mpwa wako


Tarehe 9 Agosti

Mpwa wangu,

Marahaba. Goti la mkazamjomba limepasuliwa, anatembea na fimbo na anaitumia kunielekezea vitu. Barua zako zote mbili zimefika. Hazikupotea.

Nimeandika majibu sita nikayachana. Kwenye kila moja nilikuwa nashinda. Hilo ndilo tatizo langu, nikishika kalamu nashinda. Jibu la saba hili nimeamua sitashinda.

Mwaka ule mama yako aliniomba nije nimfungie taa. Nilikuja, siku moja, mlikuwa shule. Niliona sanduku, nikaona taa imetundikwa juu mno, nikamwambia. Akasema kitabu chake kinasema vinginevyo. Mimi! Fundi wa jukwaa la taifa zima, nikapingwa na kitabu kuhusu taa, na mdogo wangu niliyemfundisha kuwasha kibatari! Ningeweza kukaa chini tukajaribu, taa moja juu, taa moja chini, tukangoja wiki mbili tuone nani ana haki. Ndivyo mtu mwenye akili anavyofanya. Mimi niliondoka, nikaandikia gazeti.

Nilisema ni kutetea wananchi wanaokatikiwa umeme. Maneno hayo ni mazuri na nayaamini mpaka leo, lakini siku ile nilikuwa nawatumia wananchi kumpiga dada yangu. Gazeti lilipotoka nilifurahi siku mbili. Siku ya tatu nikasikia kuhusu meza ya kukatia vitambaa. Nilimwandikia kumweleza kwamba hakunielewa. Sikumwandikia samahani, angalia tofauti. Hakujibu. Nami nikasema akinyamaza nitanyamaza, na katika mashindano hayo, mpwa wangu, nilishindwa na bado niliendelea miaka saba.

Siku ya mazishi niliondoka mapema kwa sababu nilisikia mwanamke wa kiwandani akisema, "Mama Nzi wetu," na akalia.

Hilo ndilo nililokataa kuandika. Sasa limeandikwa.

Kuhusu taa nimekosa usingizi. Shibiri moja kwa wati arobaini ni sahihi, nimejaribu hapa kwangu kwenye bakuli, kwa mmea niliomwomba mwalimu mmoja wa bustani. Hauungui. Nimewaza maji, joto, waya. Jana mkazamjomba, kwa fimbo, akanielekeza kwenye mkono wangu, akasema, "Mtoto amepima kwa kipi?"

Mpwa wangu, umepima kwa mkono wako. Mkono wa mtu anayetengeneza meno. Naukumbuka kwenye mazishi nilipokupa mkono, ulipotea ndani ya wangu kama funguo. Nimekuwa nikisema shibiri maisha yangu yote, na mafundi wangu wote walipima kwa shibiri yangu, kwa sababu nilikuwa nawachorea ukutani nyuma ya jukwaa. Sikuwahi kufikiri kwamba duniani kuna shibiri nyingine. Huo ni upumbavu wa mtu anayejiona ndiye kipimo.

Nyuma ya karatasi hii nimekuchorea kiganja changu, kidole gumba mpaka kidole cha mwisho, nimekinyoosha sana. Pima kwa hicho. Ile taya moja ikiwa bado hai, usiikate.

Samahani. Ni kwako, na ni kwake.

Mjomba wako


Tarehe 28 Agosti

Mjomba,

Shikamoo, na mkazamjomba shikamoo, fimbo na iendelee na kazi.

Nimepokea mkono wako. Niliuweka mezani nikaweka wangu juu yake. Kidole changu cha mwisho kinaishia kwenye pingili ya chako. Nilikuwa nimeishusha taa chini mno kwa upana wa vidole vinne, kabla sijaanza kuibahatisha. Meno alikuwa ananiambia na mimi nilikuwa nakulaumu wewe.

Nikaenda kuipandisha. Sikuwa na rula, na karatasi yako haisimami wima, inapinda. Nikatafuta kitu cha kusimamisha nipimie, nikakichukua kile kijiti cha mwanzi kilichokuwa kwenye kona ya sanduku, nilichokuandikia kwenye barua ya kwanza kwamba labda ni cha kuegemezea majani. Nikakilaza juu ya mchoro wako ili nikikate urefu.

Hakikuhitaji kukatwa.

Kutoka ncha ya kidole gumba mpaka ncha ya kidole cha mwisho, Mjomba. Nimekigeuza nikapima tena. Kimekatwa kwa kisu kikali ncha zote mbili na kusuguliwa vizuri kama mama alivyozoea kusugua kila kitu. Nikawaza alipata wapi urefu huo na hamkuwa mnaonana. Ndipo nikakumbuka glavu zako za ngozi, na mtu aliyechora kiganja chako kwenye karatasi kabla ya kushona. Hukumtaja kwa jina. Nimefungua kopo alimoweka karatasi za vipimo vya kushonea, kati ya za kola na mifuko nimeikuta ya mkono wako. Imeandikwa *kaka, kulia.*

Kwa hiyo nimerudi kwenye kile kipande cha gazeti, nikakisoma tena polepole. Kuna kitu sikukuandikia, kwa sababu nilikuwa na hasira na hakikunisaidia. Penye "ishushwe shibiri moja" mama hakubishana. Hakuna neno pembeni. Kuna alama ya vema tu, ile ya mwalimu, imekandamizwa mpaka karatasi imetoboka.

Alijua shibiri ya nani. Alienda akaikata, akashusha taa, na hakumwambia mtu.

Taa sasa iko inapotakiwa. Shanga ana majani sita na umande kila nchani, jirani amekuja tena na safari hii ameinama kuyahesabu. Ile taya ndogo ya Meno haikukauka. Jumapili asubuhi ilifunguka. Ni ndogo sana, ingeweza kukaa juu ya jino la mtoto, na ndani ni nyekundu.

Jani la Shanga nimekulazia kwenye pamba mbichi ndani ya bahasha hii, liweke juu ya mboji, usilizike, litaota. Bakuli lako lisikae na mmea wa kuazima wakati wa kwenu upo.

Karatasi ya mkono wako nimeirudisha koponi. Kijiti sikutumii. Kinatumika. Ukikitaka itabidi uje ukipime mwenyewe, na ukija, safari hii tutakuwa nyumbani.

Mpwa wako